Mzee Mjaka Ame na Orodha ya Abiria

Baada ya miaka ishirini na mitano katika ofisi yetu ya tiketi hapa bandarini Mkoani, Mzee Mjaka Ame Silima anastaafu tarehe 28 Juni 2019. Nimepewa mimi niandike kwa kuwa tumekaa meza moja. Nimeandika kwa vipande, mwanangu akilala, pakilegea mnisamehe.

Aliingia kazini mwaka 1994, karani wa orodha ya abiria: kalamu, karatasi tatu na kaboni katikati. Kompyuta ilipokuja alikuwa na miaka arubaini na tano, wakasema hataiweza. Akajifunza SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, na tovuti yetu ilipoanza kukata tiketi, maswali yote mia na kumi na mbili aliyaandika yeye, moja moja.

Sisi vijana tulikuja na ORM, chombo kinachokuandikia maswali hayo wewe ukabaki na programu yako. Mzee akatucheka. Alisema ni kula kwa kulishwa: unashiba, hujui umekula nini. Lakini ofisi ilipoamua jina la abiria ligawanywe sehemu tatu, sisi tulibadilisha pahala pamoja. Yeye pahala arubaini, wiki nzima, macho mekundu. Kicheko kikapungua, na orodha ya abiria nayo ikahamia kwa ORM.

Ikaja siku ya kuamkia Idi, mwaka 2016. Meli imejaa, orodha haitoki, na bila orodha meli haing'oi nanga. ORM ilikuwa ikimchukua abiria mmoja, inarudi kumuulizia jamaa yake wa kupigiwa simu ikitokea dharura, kisha mwengine, kama mtu ajazaye pipa kwa kikombe. Khatib, karani wa meli, akapiga kelele dirishani: "Mzee Mjaka, meli yaota mizizi!" Mzee akaandika swali moja refu kwa mkono. Orodha ikatoka mara moja. Tukapiga makofi.

Nikaipitia. Hamna mtoto mchanga hata mmoja. Wachanga hupakatwa, hawakatiwi tiketi. Majina yao huandikwa chini ya majina ya mama zao. Swali la Mzee liliunganisha majina na tiketi, basi asiye na tiketi akaanguka nje ya orodha. Walikuwa thelathini na saba. Ile ORM, pamoja na uzito wake, ilikuwa haimwachi mtu.

Khatib keshaishika karatasi. Nikamwambia Mzee, mbele za watu, na angeweza kuninyamazisha. Alinyanyuka, akaitoa karatasi mkononi mwa Khatib, akasema: "Haiondoki. Nimekosea mimi." Akarekebisha mstari mmoja. Meli ilichelewa dakika kumi na moja, na kila mtoto ana jina lake.

Ugomvi ukaishia hapo. Kazi za kila siku zinapita kwa ORM. Orodha ya abiria huandikwa kwa mkono, na haitoki mpaka mtu wa pili aisome. Sheria hiyo aliiweka mwenyewe, juu yake mwenyewe.

Sasa anasema tukikwama tumpigie, saa yoyote. Mzee wetu, hatupigi. Na wenzangu, nasema kwa heshima: asimpigie mtu. Swali la orodha nimekabidhiwa mimi, mwenzetu Mgeni ndiye msomaji wa pili, na makosa yetu tutayabeba wenyewe, kama alivyotuonesha.

Ahsante, Mzee Mjaka. Rudi Kiuyu kwa mkeo Bi Siti na mihogo yako. Mwenyezi Mungu akujaalie afya, na tunakutakia usingizi mrefu usiokatwa na honi ya meli.

Yumna Ridha
Chumba cha kompyuta