Adelina wa Temeke, Aliyewakabidhi Vijana Ufunguo

Marehemu Adelina binti Kornelio alizaliwa tarehe 14 Machi 1903, kijijini karibu na Masasi. Alisoma miaka minne shule ya misheni, kisha akachezwa unyago. Alipotolewa mwali, mama yake alimkabidhi jembe na kipande chake mwenyewe cha shamba. Hilo hakulisahau.

Mwaka 1926 alifunga ndoa na Anselmo, kuli wa bandarini, wakahamia Temeke. Mungu aliwajalia binti mmoja, Rosalia. Anselmo alifariki mwaka 1941, na Adelina akaendelea kuishi kwa cherehani yake na shamba la muhogo.

Ndugu na jirani wa kusini walimletea vijana wao awalee. Naye aliwalea kwa namna yake, apende asipende mtu. Kijana akishatoka jandoni au unyagoni, alimpa ufunguo wa ghala na zamu ya kulitunza. "Mnamchezea ngoma leo kwamba kakua," alikuwa akisema, "kesho mnamfokea kama mtoto. Sasa mlimcheza ya nini?"

Masika ya 1951 chama cha watu wa kusini kiliweka kwake unga wa matanga. Zamu ilikuwa ya Bakari, miaka kumi na sita. Aliacha dirisha wazi, mvua ikaingia, unga wote ukaoza. Wazee walifika wakiwa wamefura. Mzee Mwinshehe, mkuu wa chama, alisema, "Adelina, omba radhi. Na mtoto huyo mnyang'anye ufunguo."

"Shikamoo mzee, lakini siombi. Aliyeacha dirisha wazi ni huyu hapa, na mdomo anao. Ufunguo simnyang'anyi ng'o! Nikimpokonya, atajifunzia wapi?"

Bakari alisimama, akakiri kosa mbele ya wote. Wiki tatu alitwanga muhogo mpaka unga wa watu ukatimia. Rosalia anakumbuka kwamba wazee walipoondoka, mama yake aliingia chumbani akalia, akiogopa kuwa huenda amekosea. Akanawa uso, akarudi kwenye cherehani. Walioendelea kusema anawaharibu watoto aliwajibu, "Haya, niacheni niwaharibu."

Kifua kilimwanza Januari 1954. Vijana wake walimuuguza kwa zamu, nyumbani na hospitali. Ndugu walikuja kutoka Masasi wakitaka kuwachukua, wakidai hawana tena wa kuwaangalia. Akawaambia, "Waulizeni wenyewe." Hakuna aliyewauliza. Alifariki Jumanne, tarehe 10 Agosti 1954, alfajiri.

Jana alasiri, hata kaburi halijachimbwa, ukoo ulikaa kuwagawa vijana wake. Mauwa, mmoja wao, miaka kumi na saba, akasimama.

"Shikamooni wazee. Mnatugawa kama sahani za matanga, na sie tumekaa hapa hapa. Hatuendi. Mie nashona, Bakari anafanya useremala, Anjelina yuko shule na atamaliza. Nyumba tutaitunza."

Mjomba mmoja alifoka kwamba huo ni utovu wa adabu. Mzee Mwinshehe akamkatiza: "Utovu wa adabu uko wapi? Kaamkia, kasema lake, kaketi. Waacheni."

Basi wameachwa, na asiyeridhika na aseme leo, mbele ya jeneza.

Marehemu ameacha binti, Rosalia, wajukuu wawili, na watu wazima watatu: Bakari, Mauwa na Anjelina. Mungu ampokee Adelina, ampe raha ya milele.