Kamera Iliyozoea Vichwa vya Wanaume

"Sasa mimi niko wapi hapa?"

Mama aliuliza hivyo jana mezani, picha za harusi yake zikiwa zimetandazwa katikati ya vikombe. Dada yangu alijifanya anatafuta kijiko. Mimi, ambaye chuoni nimewahi kutetea mbele ya ukumbi mzima hoja nisiyoiamini hata kidogo na bado tukashinda, nilikodolea macho kitambaa cha meza. Kwa hiyo leo asubuhi nimeibeba kamera niliyozipigia na bahasha ya picha hadi kijiweni, nje ya saluni ya kinyozi, kwenye lile benchi refu lililotolewa kwenye zahanati iliyofungwa. Mgongoni bado limeandikwa SUBIRI ZAMU YAKO, na hakuna anayesubiri. Niliowahitaji walikuwepo wote. Mzee Flashi, aliyekuwa na studio mpaka simu zilipomfungia mlango, ndiye aliyeinunua kamera hii ikiwa mpya. Wembe, kinyozi mwenyewe, aliichukua kwa Mzee Flashi, nami nikaichukua kwa Wembe. Mama Birika anauza kahawa na hajawahi kumiliki kamera ya aina yoyote, jambo ambalo halijamzuia kutoa maoni hata siku moja.

Mimi: Nani kati yenu aliiharibu hii?

Wembe: Salamu kwanza, Mheshimiwa. Sisi tumeamka salama, asante kwa kuuliza.

Mimi: Shikamoo mzee. Shikamoo mama. Wewe kaka sikusalimii mpaka unijibu.

Nikaiweka kamera kwenye benchi, nikazimwaga picha pembeni yake. Kwa wasiojua mambo ya nyumbani kwetu: Mama ni fundi cherehani. Amewashonea mabibi harusi wa mtaa mzima, na safari hii alijishonea mwenyewe, gauni la rangi ya zabibu, kola yote imedariziwa kwa mkono. Aliyemuoa ni fundi bomba, mtu mpole, na mimi nilimpinga. Nilimpinga kwenye kikao cha familia, nimesimama, kwa mpangilio: utangulizi, hoja, hitimisho. Nikashindwa vibaya. Nikasema sawa, lakini picha nitapiga mimi, kwa filamu, picha zenye heshima, na nikawashawishi wageni waziweke simu zao kwenye kapu mlangoni. Hapo nilishinda. Matokeo yake, picha za siku ile ni hizi tu duniani kote, na katika zote Mama ni ukungu. Ukungu wa rangi ya zabibu. Pembeni yake yule mwanaume katoka safi, unaweza kumhesabia kope.

Mama Birika: Ee! Na mama yako kasemaje?

Mimi: Kasema nilishindwa kwa maneno, nikaamua kumfuta. Tangu hapo haniongeleshi. Nataka nirudi nyumbani leo na jibu. Nataka nimwambie kamera ilikuwa mbovu, na nani aliifanya iwe mbovu.

Mzee Flashi alivuta kahawa kwa sauti, kama mtu aliyesingiziwa mtoto wake.

Flashi: Binti, kamera hii haina kosa. Nilipoinunua, watu walikuwa wanakuja studio kuisikiliza tu. Unabonyeza nusu, tii! Imeshafokasi. Unamalizia, inavuta filamu yenyewe, krrr, kama cherehani ya mama yako. Sijawahi kutoa picha mbovu kwa kamera hii.

Wembe: Na ile ya mwalimu mkuu? Si ulifokasi bendera badala yake?

Flashi: Ule ulikuwa upepo.

Wembe: Mimi nilipoichukua, mzee, ilikuwa inakula betri kuliko familia yangu inavyokula mkate. Na uzito wake je? Niliivaa shingoni wiki moja, mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Mimi: Turudi kwenye mada. Kwa nini Mama haonekani?

Flashi: Tulia nikueleze. Humu ndani kuna kitu kinasoma mboni. Ukichungulia kwenye kioo, pale jicho lako linapotua, nukta nyekundu inawaka, na lenzi inakwenda papo hapo. Ila lazima kwanza ikujue. Unaifundisha jicho lako, nayo inalihifadhi kwa namba. Mimi ni namba moja.

Wembe: Mimi namba mbili.

Mimi: Mimi namba tatu. Wewe mwenyewe kaka uliniwekea.

Flashi: Basi kama siku ile ilikuwa kwenye namba moja, ulikuwa unapiga picha kwa jicho langu. Kama ilikuwa namba mbili, ni jicho la huyu.

Mimi: Kwa hiyo mmoja wenu ndiye aliyemfuta Mama.

Wembe: Mimi sikualikwa hata!

Mama Birika alikuwa ameziokota picha, anazipitia moja moja huku mkono mwingine unamimina kahawa bila kumwaga tone.

Mama Birika: Wembe, hii kamera ulikuwa unapigia nini?

Wembe: Mitindo. Zile picha ukutani kwangu, zote ni kazi yake. Mteja anaonyesha kidole, mimi nanyoa.

Mama Birika: Wanaume?

Wembe: Sasa mimi nanyoa nani?

Mama Birika: Basi yameisha. Miaka yote hiyo imeonyeshwa vichwa vya wanaume, asubuhi mpaka jioni. Leo unaiwekea bi harusi mbele, itamjua vipi? Imetafuta kichwa cha mwanaume ikakipata, ikatulia.

Mimi: Mama, napinga. Kamera haina mazoea.

Mama Birika: Hajasema Flashi hapa kwamba inafundishwa? Kinachofundishwa kinazoea. Jibu hilo.

Nimesomea kujibu mambo kama hayo, nikanyanyua kidole, Wembe akanikatiza.

Wembe: Subirini. Subirini kwanza. Leteni hiyo picha. Huyu bwana harusi kanyolewa wapi? Oneni hizo kona za paji. Hii ni mashine yangu! Sura siikumbuki, lakini kisogo nakijua. Jamani, kamera imeitambua kazi yangu!

Flashi: Imetambua nini wewe, ni chuma hicho.

Wembe: Mbona studio ulikuwa unaibembeleza, "njoo mama, njoo"? Nilikuwa nakusikia.

Flashi: Nilikuwa naongea na wateja.

Wembe: Wateja wenye masharubu?

Nikawaambia kuna njia moja tu ya kumaliza ubishi: tuangalie kamera iko kwenye namba ngapi, maana sijagusa namba zake tangu nilipotoa filamu nikaipeleka kusafishwa. Tukainama wote. Kwenye kile kioo kidogo cha juu palikuwa na nne.

Flashi: Nne?

Wembe: Nne ni ya nani?

Flashi: Mimi sikumpa mtu namba nne.

Mama Birika: Basi kuna mtu wa nne.

Mimi: Hakuna mtu wa nne! Nani kagusa kigurudumu cha namba?

Wembe: Mimi nimekizungusha kidogo tu, ulipokuwa unamwaga picha.

Mimi: Kidogo kiasi gani? Kutoka ngapi?

Wembe: Sikuangalia. Nilikuwa nakizungusha tu, kama mtu anavyozungusha funguo.

Shahidi wangu pekee akawa ameharibiwa pale pale, mbele ya macho yangu, na mtu anayetafuna karanga. Nilimwambia Wembe maneno ambayo kwenye mdahalo yangenitoa ukumbini. Mzee Flashi akanyanyua mkono, akaichukua kamera taratibu, akairudisha namba moja na kuiweka jichoni. Vidole vyake viliijua bila yeye kutazama. Akachungulia kwa muda mrefu. Nukta haikutulia, ilirukaruka kutoka kona hadi kona.

Flashi: Hainijui tena.

Mama Birika: Labda haijalala vizuri.

Flashi: Ni ile operesheni ya mtoto wa jicho. Walinitoa kioo cha ndani, wakaniwekea kingine. Jicho lile ililolijua halipo.

Mzee akanipa mimi kamera, akasema weka tatu, jaribu. Nikaweka tatu. Nikamtazama Mama Birika, nukta ikatua kwa Mama Birika. Nikahamia kwa Wembe, ikamfuata Wembe, mpaka punje ya karanga mdomoni nikaiona. Nikarudi kwa birika, nayo ikarudi. Tii, tii, tii.

Wembe: Mbona nzima?

Mimi: Leo nzima. Ya leo si ushahidi wa siku ile.

Mama Birika: Mwanangu, hapa pichani huyu bwana anatafuna. Nani anampiga bwana harusi picha akitafuna? Na hapa kainama anafunga kamba ya kiatu. Na hapa anafuta glasi kwa leso.

Mimi: Si nimesema? Kamera ilikuwa inajipeleka yenyewe!

Flashi: Kufokasi, ndiyo, tunaweza kuilaumu. Lakini kitufe kinabonyezwa na nani?

Wembe: Labda nacho kilijibonyeza. Mimi kwangu kuna mashine ya kunyolea inajiwasha.

Wakaanza upya. Flashi akasema labda ni miwani ya mgeni fulani iliyorudisha mwanga. Wembe akasema shati jeupe huvuta lenzi kama taa inavyovuta wadudu. Mama Birika akashikilia vichwa vyake vya wanaume, tena sasa akaongeza kwamba picha za pasipoti za studio nazo zilichangia, maana enzi hizo walikuwa wanasafiri wanaume peke yao. Nilikuwa nimesimama, kidole juu, najaribu kuwapanga, nilipoona nyuso zao zimegeukia barabarani.

Yule fundi bomba alikuwa amesimama nyuma yangu na mfuko wake wa kazi begani, spana kubwa imechomoza. Hakuwahi kukaa kijiweni kwetu. Huwa ananyolewa anaondoka.

Wembe: Ndiye mwenye kisogo!

Mimi: Shikamoo.

Fundi: Marahaba. Nimeambiwa uko huku. Hizi ndizo picha? Mama yako amekataa kunionyesha.

Mama Birika akasogea kumpa nafasi. Fundi akajifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, ndipo akazigusa. Alizitazama zote, polepole. Nilisubiri akasirike. Nilikuwa na majibu tayari kwa mtu aliyekasirika.

Fundi: Sijawahi kupigwa picha namna hii. Nyumbani nina ile ya kitambulisho tu. Kumbe nina kovu hapa sikioni?

Wembe: Hilo si langu, nilikukuta nalo.

Fundi: Na mama yako mbona kawa hivi?

Wakaeleza wote watatu kwa mpigo, namba moja, namba mbili, bendera, vichwa. Akawaacha wamalize, akamgeukia Mzee Flashi kwa sababu ndiye aliyekuwa wa kwanza kumaliza.

Fundi: Mzee, sijaelewa. Hii kamera inafuata nini hasa?

Flashi: Jicho la anayepiga. Anapotazama, ndipo inapokwenda.

Fundi alifikiri. Akachukua ile ya kutafuna, akaitazama, akaiweka. Akachukua ile ya kiatu. Kisha akanigeukia. Sauti yake ilikuwa ile ile anayoulizia bomba limeanza kuvuja lini.

Fundi: Siku nzima ulikuwa unanitazama mimi. Ulikuwa unatafuta nini?

Nikafungua mdomo. "Kwanza," nikasema. Nina "kwanza" nyingi maishani, na kila moja imewahi kufuatwa na kitu. Wembe aliacha kutafuna. Mama Birika akainamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, likatoa matone mawili na mashapo, akaliweka chini bila kusema kahawa imekwisha.

Mzee Flashi alijaribu kunisaidia.

Flashi: Pengine ilikuwa kwenye namba mbili.

Fundi: Pengine. Mimi vitu hivi sivijui.

Akazipanga picha, akazigonga kingo zikalingana, akazirudisha kwenye bahasha na kunipa. Hakuichukua hata moja, ingawa niliona jinsi alivyochelewa kwenye ile ya leso.

Fundi: Gauni mama yako kalikunja. Kaliweka chini kabisa ya sanduku, juu yake kapanga mashuka. Nilipomuuliza, kasema halina kazi tena.

Akanyanyua mfuko wake. Kuna mtu alikuwa anamsubiri na sinki lililoziba. Nilimwacha apige hatua kadhaa, kisha nikamfuata mpaka ukingo wa barabara, kamera imenielemea shingoni, benchi zima linasikiliza.

Mimi: Mimi hatanisikiliza. Naomba umwambie wewe avae lile gauni tena, nimpige picha upya.