Mama Dirisha na Dakika Kumi za Kunyoosha Miguu

Ijumaa ya tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Afisa Afya Mkuu wa baraza letu la mji atarudisha funguo za kabati na kukabidhi ofisi, baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya utumishi. Mhariri wa jarida hili ameniomba niandike wasifu wake kwa sababu nimekaa naye korido moja kwa miaka ishirini na sita, nikiwa karani wa vikao. Ameniomba pia niwe mchangamfu na nisiwaseme vibaya madiwani. La kwanza nitajitahidi.

Wengi wenu hamjui hata jina lake la kwenye faili. Kwetu sisi ni Mama Dirisha. Akiingia chumba chochote, kabla hajaitikia salamu ameshafungua dirisha, na hana habari kama una karatasi mezani. Nimeokota barua rasmi za baraza kwenye bustani ya mbele mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri hapa, na mkurugenzi anasoma jarida hili.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na sita, daraja la chini kabisa, akapewa kukagua mabucha na vyoo vya stendi, kazi ambayo wenzake wa kiume walikuwa wakiikwepa kwa vyeti vya daktari. Hakumaliza miezi mitatu akafunga bucha la shemeji yake mwenyekiti wa wakati ule kwa sababu ya panya. Mwenyekiti akamwita, akamweleza kwa upole kwamba panya yule huenda alikuwa anapita tu. Naye akamjibu kwa upole huohuo kwamba hata yeye siku ya kwanza alikuwa anapita tu, ila kesho yake alirudi makusudi, na panya alikuwa palepale, tena na wenzake. Bucha lilikaa limefungwa wiki mbili.

Sisi wafanyakazi wenzake hakutubakizia. Kantini yetu aliifunga Jumatatu asubuhi, chai ikiwa jikoni, kwa kosa la kitambaa kimoja kufuta meza, vikombe na mikono ya mpishi. Tulishinda siku tisa kwa karanga na maji. Mhasibu wetu alimnunia mpaka mwaka uliofuata. Lakini ni huyuhuyu aliyegundua kwamba bomba la shule ya msingi limepita ndani ya mtaro wa choo. Alisimama mwenyewe getini siku nne mfululizo akiwazuia watoto wasinywe maji yale mpaka mafundi walipoona aibu wakaja. Mwaka ule watu waliharisha mji mzima. Shule ile haikupoteza mtoto hata mmoja.

Sasa nifike kwenye sigara, maana ndiko mnakosubiri.

Vijana mlioajiriwa juzi hamtaamini, lakini zamani ukumbi wa baraza ulikuwa ukifuka moshi kama tanuri la mkaa. Diwani akisimama kuchangia, waliokaa nyuma walimtambua kwa sauti tu. Mama Dirisha alifungua madirisha yote, akaandika barua, akaandika nyingine, na miaka ishirini iliyopita sigara zikatolewa ukumbini. Wavutaji walikubali shingo upande. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza, akadhani wa pili utakuwa rahisi.

Wa pili ulikuwa sheria ndogo ya kukataza uvutaji kwenye baa, migahawa, stendi, zahanati na ofisi zote. Rasimu yake ya kwanza ililetwa miaka kumi na mmoja iliyopita, kurasa sita, ikiwa safi kabisa. Na sababu yake haikuwa siri. Ana mdogo wake, mtoto wa mama yake, aliyemlea tangu akiwa na miaka tisa baada ya mama yao kufariki. Huyo mdogo mtu alikuwa mhudumu wa baa ya stendi. Hajawahi kutia sigara mdomoni. Alipokohoa miezi miwili akaenda kupigwa picha ya kifua, daktari akaitazama picha, akamwuliza anavuta pakiti ngapi kwa siku. Alipojibu kwamba havuti, daktari alicheka, akamwambia hospitalini si mahali pa kuoneana haya. Akamshauri aache kazi ya moshi. Yeye ana watoto watatu na kazi aliyokuwa nayo ni hiyo moja. Kwa hiyo dada mtu akasema, kama yeye hawezi kuondoka kwenye moshi, basi moshi uondoke.

Jamani, nimeandika kumbukumbu za mjadala ule kwa mkono wangu na ninazo zote. Diwani mmoja alisema moshi wa sigara unafukuza mbu, na kwamba baraza likiukataza lijiandae kununua vyandarua. Mwingine alisema marehemu baba yake alivuta mpaka miaka tisini na alikufa kwa kuanguka. Mwingine alitaka kujua kama sheria itagusa na moshi wa kuchoma nyama, akajibiwa hapana, akauliza tena kikao kilichofuata. Vikao viwili vizima vilikwisha kwa kubishana kama mahali penye ukuta pande tatu ni baa au ni uwanja. Ikaundwa kamati ndogo. Kamati ndogo ikaomba ziara ya mafunzo kwenye mji uliokwisha kupitisha sheria kama hiyo, ikaenda siku tano, na taarifa iliyorudi ilikuwa picha kumi na nne za wajumbe mbele ya hoteli.

Kichwa cha wapinzani alikuwa mheshimiwa tunayemwita Bwana Utaratibu, kwa kuwa kila akinyanyuka anaanza na neno hilo. Ana baa mbili. Kanuni zinasema mwenye maslahi kwenye jambo ayatangaze na atoke nje. Alipoulizwa mwanzoni mwa kikao, akavaa miwani ya mbao, akasema baa ni za mke wake na yeye huwa anapita kusalimia. Akabaki kitini. Mama Dirisha, ambaye si diwani na hapigi kura, akaona haya kunyamaza. Akasimama, akasema mdogo wake anafanya kazi baa. Mwenyekiti akafungua kitabu cha kanuni, akamtoa nje. Mwenye rasimu yuko nje, mwenye baa yuko ndani. Niliandika hivyohivyo kwenye kumbukumbu, nikapigia mstari, na mwenyekiti akaniagiza nifute mstari.

Siku ile alisubiri kwenye baraza la nyuma, ile veranda inayotazama maegesho. Ilipofika mapumziko, wavutaji wakatoka kama kawaida yao, wakamkuta amesimama hapo na faili lake kifuani. Wakaficha mikono mgongoni wote saba, kama wanafunzi, huku moshi ukiwapanda mabegani. Aliwasalimia mmoja mmoja kwa cheo chake. Nilicheka mpaka nikakohoa, nami nilikuwa na sababu zangu za kukohoa, nitazieleza.

Mapumziko hayo ndiyo yaliyoiua rasimu. Baraza letu lina wajumbe ishirini na saba na akidi ni kumi na wanne. Kwenye ratiba kulikuwa na dakika kumi za kunyoosha miguu katikati ya kikao, na jambo la sigara kila mara lilipangwa baada yake. Wavutaji walitoka, na wasiovuta waliowaunga mkono wakawafuata. Kutoka veranda mpaka kwenye magari ni hatua ishirini, na wengine walizipiga hizo hatua ishirini wakaenda zao nyumbani. Mwenyekiti akirudi anahesabu vichwa: kumi na mmoja, kumi na wawili, mara moja kumi na watatu. Akidi haijatimia, kikao kimeahirishwa. Rasimu ilipigwa kalenda namna hiyo mara saba. Mara saba Mama Dirisha alikusanya nakala zake mezani, akazipanga, akazirudisha kabatini, akaniuliza tarehe ya kikao kijacho. Hakuwahi kupandisha sauti. Mimi nilipandisha, lakini kwenye korido, ambako haisaidii mtu.

Madiwani wapya walifundishwa dakika kumi hizo siku ya semina elekezi, pamoja na namna ya kuomba kuzungumza. Mwenyekiti wa sasa aliamini ziko kwenye kanuni. Mama Dirisha aliamini ziliwekwa na yule mwenyekiti wa zamani, mwenye shemeji wa bucha, ili kumkomoa. Alimlaani mbele yangu zaidi ya mara moja, nami nilitikisa kichwa kwa kumsikitikia.

Mwezi wa nne mwaka huu, siku moja kabla ya kikao chake cha mwisho cha kazi, mdogo wake alikuja ofisini kumletea miwani aliyoisahau. Ofisi zetu ziko ghorofa ya kwanza, ngazi kumi na nane. Nilimwona alipoanza kupanda, nikaenda veranda, nikavuta sigara yangu nikaimaliza, nikarudi, ndiyo kwanza anafika juu. Dada yake alikuwa hayupo. Nikampa kiti changu. Alikaa muda mrefu ameshika miwani mkononi, hawezi kusema amekuja kwa ajili ya nini, na nilipoinama kumpa maji aligeuza uso akaelekea ukutani. Aliugeuza taratibu, kwa adabu, ili nisione kwamba ni kwa sababu ya harufu ya shati langu.

Jioni ile, kabla ya kufunga ofisi, nilichapa ratiba ya kikao bila dakika kumi.

Kesho yake Bwana Utaratibu alisimama kuuliza zimekwenda wapi. Mwenyekiti akafungua kitabu cha kanuni, akafunua mbele, akafunua nyuma, akavua miwani, akavaa. Mwishowe akanigeukia mimi. Nikajibu kwamba hazimo na hazijawahi kuwamo. Wajumbe ishirini na watano walikuwa vitini na hakuna aliyekuwa na kisingizio cha kutoka. Mjadala ulichukua dakika arobaini, kura zikawa kumi na tano kwa tisa, mwenyekiti hakupiga, sheria ikapita. Dakika arobaini, ndugu zangu. Jambo la miaka kumi na mmoja. Nilitamani kuwarushia kitabu cha kanuni, na ni kitabu kizito.

Tulimpongeza, tukampigia makofi korido nzima. Yeye aliuliza tu sheria inaanza lini. Inaanza tarehe mosi Julai, siku moja baada ya yeye kukabidhi ofisi. Mdogo wake alikuwa ameshaacha kazi ya baa wiki mbili nyuma, maana hawezi tena kubeba sinia. Sheria hii haitamfaa kitu. Mama Dirisha alisema wapo wasichana sita pale stendi na watafaidi wao, akaenda kula chakula chake cha mchana.

Na hapa ndipo wasifu huu unaponishinda. Kikaoni niliulizwa kama dakika kumi zimo kwenye kanuni. Sikuulizwa nani aliziweka. Niliziweka mimi. Miaka ishirini iliyopita, sigara zilipotolewa ukumbini, nilishindwa kukaa saa tatu nikiandika bila kuvuta. Nikachomeka mstari mmoja kwenye ratiba, nikautafutia jina la heshima, na hakuna aliyeuliza. Yule mwenyekiti wa zamani hakuhusika, Mungu amrehemu. Kila rasimu ilipoanguka nilikuwa naandika kwamba akidi haijatimia, nikijua kwa nini haijatimia, na kalamu yangu ingeweza kuufuta mstari ule siku yoyote. Sikuufuta, kwa sababu nami nilizitaka dakika zangu kumi. Ningeufuta mwaka wa kwanza, Mama Dirisha, mdogo wako angefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye hewa safi.

Nimejaribu mara nne kukwambia hili ana kwa ana, dada yangu, nikaishia kukuuliza habari za watoto. Kwa hiyo nalisema hapa, mbele ya baraza zima, na usipotaka kunijibu nitaelewa. Naomba radhi kwako, na zaidi kwake.

Bado navuta. Nimepunguza, lakini sitakudanganya siku ya kukuaga.

Kamati ya sherehe ilikuuliza unataka zawadi gani, ukasema hutaki kitu, ila tarehe mosi Julai asubuhi mtu wa ofisi aende baa ya stendi kubandika tangazo na kukusanya visahani vya majivu, kwa sababu wewe hutakuwa na mamlaka tena. Nimeandika jina langu. Nitakwenda mwenyewe kabla hawajafungua, na nitavikusanya vyote.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote wa baraza, asante kwa miaka thelathini na mitatu. Tunakuombea mapumziko mema, afya, na siku nyingi za kukaa na mdogo wako.