Usukani Unaotikisika Mteremkoni

BABA: Haloo? Nani mwenzangu?

BINTI: Ni mimi, Baba. Shikamoo.

BABA: Marahaba, mama. Nisamehe, miwani iko kwenye benchi na mimi niko chini ya baiskeli ya mtu. Habari za huko kwenye mikate?

BINTI: Nzuri kidogo. Baba, baiskeli inatikisika mbele. Nikishika ule mteremko wa kiwandani, usukani unaanza kwenda huku na huku wenyewe, kama mtu anayekataa kwa kichwa. Leo asubuhi umenitupa mtaroni.

BABA: Umekutu— [mkwaruzo] —umeumia?

BINTI: Goti tu. Mikate ndiyo iliyokufa.

BABA: Mikate haizikwi. Goti limevimba?

BINTI: Sina muda wa goti, Baba. Nipo nyuma ya kiwanda, kwenye magunia ya unga, na baiskeli hii hapa. Msimamizi amesema mbele za watu kwamba chuma ni kizima, ni mikono ya mwanamke inayotetemeka. Mikate ya awamu ya pili ikishapoa, baiskeli na kazi anampa shemeji yake.

BABA: Shemeji yupi, yule anayelala kwenye stoo?

BINTI: Huyo huyo. Leo yuko macho. Amekaa mlangoni, ameshakunja suruali mguu mmoja isije ikaliwa na cheni.

BABA: Basi mpe.

BINTI: Nimpe nini?

BABA: Mpe baiskeli yao. Rudi nyumbani. Chumba chako kipo vilevile, sijaweka hata—

BINTI: Sikupiga kuulizia chumba. Nimempigia fundi.

BABA: Haya. Fundi anasema uma unaoshika gurudumu la mbele umepinda. Uma ukishapinda hauna dawa. Achana nayo.

BINTI: Umejuaje na hujauona?

BABA: Nikose kujua, kwa umri huu?

BINTI: Subiri. [Chuma kinagonga chini.] Nimesimama mbele yake, nimefumba jicho moja. Miguu miwili ya uma imelingana. Nakuja ubavuni... inashuka sawa na shingo ya fremu, inajikunja kidogo kule chini kama ilivyotoka dukani. Haujapinda, Baba.

BABA: Basi ni gurudumu.

BINTI: Nalizungusha. Unasikia? Linapita katikati ya raba za breki, haligusi upande wowote.

BABA: Spoksi je—

BINTI: Nazigonga na spana. [Ting. Ting. Ting.] Zote sauti moja. Na ekseli haichezi, nimeshaijaribu.

BABA: Basi mimi sijui, mama. Vyuma vingine vina ukaidi wake. Achana nayo.

BINTI: Baba.

BABA: Ee.

BINTI: Mbona hujaniambia nibane breki ya mbele?

BABA: Mtandao unakata—

BINTI: Mtandao uko sawa. Kila mteja aliyekuja na usukani unaotikisika, hata salamu hajamaliza, ulimwambia abane breki ya mbele, asukume, avute. Mimi leo umenianzishia uma, ukanipeleka kwenye gurudumu, ukaishia na "sijui". Tangu lini wewe hujui? Unajitia hamnazo.

BABA: Naogopa, mama. Ndiyo hivyo. Tangu mama yako atutoke nimebaki na wewe tu, na wewe kila siku unashuka kilima na kikapu mbele kinachokuziba hata njia. Simu ikilia asubuhi roho inaniruka. Siku nyingine naiacha ikate, nangoja ilie tena.

BINTI: Ogopa, Baba. Hata mimi leo niliogopa. Lakini niambie ukweli huku unaogopa.

BABA: Kichwa kigumu wewe.

BINTI: Mtoto umleavyo.

BABA: [anapumua] Haya. Bana breki ya mbele. Kidole cha mkono wa pili kiweke pale uma unapoingia kwenye shingo ya fremu. Sukuma. Vuta.

BINTI: Nasukuma... navuta... [Nga. Nga.] Inagonga. Inagonga hapa kidoleni kabi—

BABA: Hapo hapo. Shingo imelegea, gololi zimepata uwanja wa kucheza. Uliifungua lini?

BINTI: Wiki iliyopita. Niliipaka grisi.

BABA: Ukairudishia, ukakaza nati ipi?

BINTI: Ya juu. Niliikaza kwelikweli.

BABA: Na iliyo chini yake?

BINTI: ...Ile niliizungusha kwa vidole tu.

BABA: Mama. Ya juu ni mlinzi tu wa mlangoni. Anayeshika nyumba ni wa chini. Umemkaba mlinzi, nyumba umeiacha wazi.

BINTI: Kumbe msimamizi amesema kweli. Ni mikono yangu.

BABA: Ni mikono yako, ila haikutetemeka. Ilikosea. Hayo ni mambo mawili, na asikuchanganyie. Spana kubwa unayo?

BINTI: Nimeazima kwa dada wa mashine ya kukandia. Nalegeza ya juu.

BABA: Sasa ya chini, kaza mpaka kule kugonga kuishe. Ukifika hapo irudishe kidogo, upana wa ukucha. Halafu ishike isizunguke, ndipo umkaze mlinzi. Taratibu. Usiifanye kama unagombana nayo.

BINTI: Nagombana na wengine. [Chuma. Pumzi.] Nimebana breki... nasukuma. Kimya.

BABA: Inyanyue mbele. Uguse usukani kidogo, uanguke wenyewe upande.

BINTI: Umeanguka. Laini.

BABA: Basi imekubali. Mwite msimamizi, uiendeshe hapo uani aone.

BINTI: Uani ni tambarare. Kwenye tambarare haijawahi kutikisika hata siku moja. Nashuka mteremko.

BABA: Na goti hilo?

BINTI: Na goti hili. Ngoja, msimamizi anakuja. [Mbali na simu] Hapana. Nimesema hapana, mzee. Baiskeli iko kwangu, mikate naomba iwekwe kikapuni. Shemeji akitaka kuniona natetemeka, anifuate kwa miguu. [Kicheko cha watu.] ...Baba, upo?

BABA: Unamjibu hivyo bosi wako?

BINTI: Mikate inapakiwa.

BABA: Basi sikiliza. Ikianza kutikisika, usiukabe usukani, ukiukaba unaupa nguvu. Bana goti kwenye paipu la juu, baiskeli itatulia. Breki ya nyuma kwanza, pole—

BINTI: Nimekusikia. Nakutia mfuko wa kifuani. Usiniongeleshe njiani, nitacheka.

BABA: Usikate simu.

[Upepo.]

BABA: Mama? Umeshaanza kushuka?

[Upepo. Kengele ya baiskeli.]

BABA: Punguza mwendo. Haya, siongei. Niko hapa lakini. Niko hapa.

[Upepo mkubwa zaidi. Kengele tena, mara nyingi.]

BABA: Na ni mimi niliyemfundisha, hakuna mwingine wa kumlaumu.

[Breki zinalia.]

BINTI: Baba.

BABA: Nipo.

BINTI: Niko chini, darajani. Imenyooka mpaka mwisho. Hata goti sikubana.

BABA: Nilikwambia ubane ikianza.

BINTI: Haikuanza.

BABA: [anavuta kamasi] Haikuanza.

BINTI: Unalia, Baba?

BABA: Nalia ndiyo. Msimamizi anasemaje?

BINTI: Yuko juu kule, ananipungia mkono nirudi tuzungumze.

BABA: Utarudi?

BINTI: Jioni. Kikapu kikishakuwa kitupu. Sasa hivi duka la kwanza lina— eh, salio linaniaga, Baba. Ule mchana, usikae na chai tu, na ukisikia simu pokea mara ya kwa—

[Simu imekatika.]

BABA: Haloo? Haloo, mama? ...Na hiyo breki ya nyuma mbona inalia?