Tundu la Panya Lenye Roshani

Kwanza niapie. Haya ninayokwambia yakivuka mlango huu, mimi na wewe basi, hata harusini kwa mwanangu utakula umesimama. Umeapa? Haya. Unapajua mbele ya karakana ya Fundi Geti, pale penye zile benchi mbili za chuma zilizokuwa zinatazamana, watu wakinywa kahawa toka asubuhi mpaka jua linazama? Nenda leo uulize benchi ziko wapi. Utaambiwa zilibebwa na watu wa usafi wa mji. Yupo mtu atakuapia gari aliliona kwa macho yake. Hakuna gari, hakuna watu wa usafi. Kaa vizuri nikupe.

Siku hiyo Fundi Geti hakuweza kukaa. Anaketi, anainuka, anachungulia barabara, anarudi, anakishika kikombe, anakiweka bila kunywa. Mkewe alifariki binti yao hajaota hata meno, bibi mzaa mama akamchukua akamlea. Sasa miguu ya bibi imegoma, anahamia kwa mwanawe wa kiume mwenye nyumba ya vyumba kibao. Huyo mjomba kasema mtoto karibu, chumba chako kiko, lakini hao panya wako wawili wa kufuga, hapana. Na mtoto naye kasema panya wasipolala kwa mjomba, hata yeye halali. Bibi akakata maneno: mpelekeni kwa baba yake akapaone. Akipapenda abaki. Asipopapenda arudi na mjomba jioni hiyohiyo, panya watafutiwe mtu.

Fundi Geti katika maneno yote hayo alisikia neno moja tu, panya. Akajisemea, mwanangu nitampata kupitia hawa.

Basi tundu aliloliunda hilo hapo, katikati ya benchi mbili, limepakwa rangi ya buluu, linang'aa kama bibi harusi. Ghorofa mbili, ngazi, na kwa juu roshani. Ndiyo, roshani, na kizuizi chake, panya wasije wakaanguka wakipunga upepo.

Wa kwanza kulitolea maneno alikuwa Kamanda. Huyu ni mlinzi mstaafu, kalinda maghala maisha yake yote na hajamkamata hata paka.

— Fundi, hili tundu au benki? Mbona mlango mmoja?

— Unatosha, alisema Fundi Geti, macho barabarani.

— Hautoshi. Weka wa mbele wa wageni na wa nyuma wa kukimbilia.

— Wakimbie nini, Kamanda?

— Ndiyo kosa lenu raia. Adui hatoi taarifa.

Redio akaruka. Redio ni kinyozi wa kibanda cha pembeni, hazimwi, hata mteja wake alikuwa amekaa kwenye kiti na nusu kichwa imenyolewa, anamsubiri amalize hoja.

— Achana na milango. Hapo kimekosekana kioo. Kiumbe chochote kisipojitazama kinanuna. Nina kioo kina ufa kidogo tu, nitawapa.

— Panya ajitazame ili iwe nini?

— Ajue amependeza. Halafu nawatahadharisha, panya anaelewa lugha zote. Wewe sema leo kwa sauti, kesho nanunua mtego. Kesho yake utamwona? Humwoni. Kwa hiyo wakija hawa, neno mtego marufuku hapa kijiweni.

— Hilo kweli, alisema Kamanda. Kule ghalani alikuwepo mmoja anajua zamu zetu kuliko msimamizi. Nikichelewa namkuta amekaa mlangoni, ananitazama. Mpaka nikawa namwamkia.

— Ulimwamkia panya?

— Alikuwa ameanza kazi kabla yangu.

Mama Kahawa, anayewauzia, akacheka mpaka birika likamwagika. Fundi Geti hakucheka. Aliinuka tena, akaenda mpaka ukingoni mwa barabara, akarudi akapangusa roshani kwa kiganja, wakati vumbi halikuwepo.

— Semeni ya maana, jamani. Watakaa vizuri hawa au hawatakaa?

Mama Kahawa aliweka birika na vikombe chini. Akachukua kikombe kimoja kitupu, kile kidogo cha kahawa, akakipitisha katikati ya vyuma vya tundu. Kikapita. Akakitoa upande wa pili, akakipitisha tena. Kikapita tena, wala hakikugusa popote.

Kijiwe kizima kikainama kutazama.

— Kaka yangu, alisema Mama Kahawa, hivi vyuma umevipanga vya kuzuia nini?

Fundi Geti alitazama. Maskini, mkono umezoea. Maisha yake yote anatengeneza vyuma vya madirisha, na vyuma vya madirisha vinazuia mwizi. Kazi aliyoifanya ilikuwa safi, imara, mwizi hata awe mwembamba namna gani hapiti. Panya angepita huku anapiga mluzi.

— Hili ni tundu la kufugia wezi, alisema Redio.

Hapo ndipo Fundi Geti alipochanganyikiwa hasa. Akaingia karakana, tukasikia, yaani wao wakasikia, mabati yanaanguka. Akatoka na kipande cha wavu wa chuma wa matundu madogo kilichobaki kwenye kazi ya watu, akaanza kuuzungushia ndani kwa ndani, anaubana kwa koleo, anajichoma kidole, anakinyonya, anaendelea.

— Na sakafu je? Mama Kahawa hakumwonea huruma. Umeweka vyuma vitupu. Nani kati yenu ameshalala juu ya vyuma miguu isimuume?

— Mimi, alisema Kamanda.

— Ndiyo maana unachechemea.

Fundi Geti akakata bati, akalitandika sakafuni kila ghorofa, akalifunika kwa karatasi zilizochanwachanwa. Kulikuwa tayari na kijisanduku cha mbao cha kulalia, na bembea ya kitambaa. Lakini godoro la kijisanduku lilikuwa halijakamilika. Akazama chumbani kwake, nyuma ya karakana, chumba kimoja tu hicho, akarudi na mto wake wa kulalia. Akauchana kwa kisu mbele ya watu wote, akatoa pamba.

— Fundi, huo si ndio mto wako?

— Nitalalia mkono.

Redio alikuwa anaanza kueleza kwamba panya wasipopata godoro wanaota ndoto za ajabu, na kwamba ndoto za panya zinaambukiza, mtu wa nyumba hiyo anaweza kuamka anatafuna kabati, wakati mjomba alipotokea. Viatu vyake vinang'aa, mkononi amebeba begi la mtoto. Nyuma yake binti mwembamba, amekumbatia ndoo ya plastiki yenye mfuniko uliotobolewatobolewa.

— Shikamooni, alisema binti.

— Marahaba, kijiwe kizima kikaitikia, na Kamanda akasimama wima kama mkuu wa zamu kapita.

— Shikamoo, baba.

Fundi Geti akaisahau marahaba. Akaonyesha tundu kwa mkono wote.

Binti alichuchumaa. Akaubonyeza wavu kwa kidole. Akaingiza mkono akapapasa sakafu, akatikisa bembea, akanusa karatasi. Mjomba anatazama saa. Fundi Geti hapumui. Halafu binti akafungua ndoo, akawatoa wawili, weupe, wenye mikia mirefu, akawaingiza mmojammoja.

— Huyu mnene anaitwa Shangazi, maana hanyamazi. Huyu mwingine Kimya.

(Hapo niliposimuliwa niliuliza mara mbili, Shangazi wa nani.)

Shangazi akapanda ngazi, akafika roshani, akatutazama, akawatazama namaanisha, kama mwenye nyumba. Kimya akaenda moja kwa moja kwenye kijisanduku, akajichimbia ndani ya pamba ya mto wa Fundi Geti, kikabaki kimkia tu nje. Shangazi akashuka kumfuata.

Binti akatabasamu kidogo. Akainuka, akatazama karakana, akatazama ule mlango wa chumba kilichojaa mabomba na vitasa, na kitanda kimoja chembamba.

— Wao wanalala hapo, alisema. Na mimi nitalala wapi, baba?

Redio, hazimwi, alizimika. Kamanda akatazama ndani ya kikombe. Mama Kahawa akainua birika kumimina, likatoa tone moja, basi. Miguu ya panya walikuwa wameijadili, kioo wamekijadili, mlango wa kukimbilia wameujadili.

— Chumba chake kule kiko tayari, alisema mjomba, taratibu tu, bila ubaya. Twende tu, shemeji, usijisikie vibaya.

Fundi Geti alitazama begi mkononi mwa mjomba. Akawageukia wenzake.

— Inukeni.

— Nina kahawa mkononi, alisema Kamanda.

— Inuka na kahawa yako.

Wakainuka. Akavuta benchi moja mpaka ikagusana na mwenzake, uso kwa uso, migongo yote miwili ikawa kuta za pembeni. Akawasha mashine ya kuchomelea. Kisha akakumbuka, akachukua kile kinyago chake cheusi cha kukinga macho akamvisha binti yake.

— Usiutazame mwanga, mwanangu. Ukizimika nitakwambia.

Yeye mwenyewe alichomelea amefumba macho nusu. Cheche ziliruka mpaka kwenye viatu vya mjomba. Chuma kilipopoa, Redio alileta mito ya viti vya kinyozi, mteja wake wa nusu kichwa akahamia kwenye ndoo. Kamanda alivua lile koti lake la ulinzi analovaa hata kwenye jua, akalitandaza juu.

Binti alivua kinyago. Akapanda, akajilaza, akanyoosha miguu, akatazama juu kama anasikiliza kitu. Akashuka. Akaenda kwa mjomba wake, akalichukua begi mkononi mwake, akaliweka upande wa kichwani.

— Tundu tuliweke karibu, alisema. Kimya anaogopa akiamka asiponiona.

Mabomba na vitasa vilitoka chumbani, kitanda cha benchi kikaingia, na toka siku hiyo kahawa pale inanywewa wima. Wanaona haya kusema kwamba wazee wazima waliondolewa kwenye viti vyao na mtoto na panya wawili, ndiyo maana wakatunga hilo gari la watu wa usafi. Na anayeapa kwa sauti kubwa kuliko wote kwamba gari aliliona, hata rangi yake anakutajia, ni Kamanda. Sasa na wewe ukiniuliza mimi haya yote nimeyapata wapi, mimi ndiye niliyekuwa namshonea koti jipya, lile la zamani limebaki kitandani kwa mtoto. Ni huyohuyo Kamanda.