Hakuna Aliyempinga Mama Jeki

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufunga magurudumu katika kiwanda chetu cha matrekta madogo, Mama Jeki alistaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi uliopita. Sherehe ilifanyika mbele ya karakana, chini ya hema la kukodi. Ofisi iliniomba mimi, mpaka rangi na jirani yake wa kazi kwa miaka mingi, niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida hili, na ikaniomba niuandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi.

Ni mtoto wa kwanza katika nyumba ya watoto sita, na ukifanya naye kazi siku moja tu utalijua hilo bila kuambiwa. Alikuja kiwandani akiwa mfagiaji. Fundi wa magurudumu wa wakati huo alikuwa anaumwa mgongo, akaanza kumwita amshikie rimu, kisha amkazie nati mbili tatu, na kabla mwaka haujaisha fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo anakunywa chai na mfagiaji ndiye anayefunga. Ofisi ilipogundua, ilimpa mfagiaji kazi hiyo. Ilikuwa busara, na ninaisema mapema kwa sababu huko mbele sitapata nafasi nyingi za kuisifu ofisi.

Hawezi kukaa kwenye meza inayoyumba. Kwenye harusi ya binti yangu, maharusi wakijiandaa kukata keki, tulimwona akizama chini ya meza na gauni lake la satini. Alikunja kadi ya mwaliko, akaisukuma chini ya mguu mmoja wa meza, akatoka, akakaa kama si yeye. Kwenye video ya harusi visigino vyake vinaonekana vizuri kuliko uso wa bibi arusi, na mke wangu hajalisahau jambo hilo mpaka leo.

Kwa wasiojua kazi yetu, niseme kidogo. Trekta letu ni dogo na jepesi, na tumbo lake liko juu ili lisikwaruze matuta. Kwenye tambarare halina mpinzani. Lakini wanunuzi wetu wengi wanalima milimani, na kwenye mteremko kitu chenye tumbo juu na miguu iliyobana huanguka. Hata mtoto anayejifunza kutembea huachanisha miguu. Mama Jeki ndiye aliyeanza kulisema hilo, na mhandisi wetu, kijana msikivu, akakaa naye wakachora rimu iliyobonyea kama bakuli upande mmoja. Ukiifunga bakuli likiangalia ndani, magurudumu yanasogeleana. Ukiigeuza, la kushoto ukalipeleka kulia na la kulia kushoto, kila gurudumu linatoka nje shubiri nzima.

Tulilijaribu kwenye kilima kilicho nyuma ya ua, likivutwa kwa kamba, bila dereva, gunia la mchanga limefungwa kitini. Magurudumu yakiwa yamebana, trekta lilipinduka mara ya kwanza tu, gunia likapasuka, tukacheka. Yakiwa yametanuka, lilisimama imara mahali ambapo sisi watazamaji tulikuwa tumeshikilia majani tusiteleze. Mkurugenzi alimpa mkono mhandisi, akampa mkono Mama Jeki, na kila mtu akarudi kazini akiwa na furaha.

Kisha likaja suala la lori. Matrekta hupangwa ndani ya lori ubavu kwa ubavu. Magurudumu yakibana, yanaingia matrekta matatu; yakitanuka, mawili. Ikaamuliwa kwamba yatoke getini yakiwa yamebana, na mteja ayageuze magurudumu mwenyewe akifika nyumbani. Karatasi ya maelekezo iliwekwa chini ya kiti, yenye mchoro safi kabisa. Jeki haikuwekwa, kwa sababu jeki si sehemu ya trekta.

Tangu hapo Mama Jeki alifunga kwa mikono yake mwenyewe, siku baada ya siku, magurudumu ya namna ile ile aliyokuwa ameikataa. Alilalamika kwenye vikao, na hapa nataka nieleweke, maana nje ya geti watu hudhani alipambana na watu wabaya. Hakuna aliyempinga. Mkurugenzi alisema mama ana hoja. Mkuu wa usafirishaji, mtu mpole anayejua majina ya watoto wetu wote, alisema mama ana hoja. Mhandisi alisema hoja hiyo ni yake pia. Kikao kilimshukuru, chai ikaletwa, na kesho yake lori likapakia matatu. Kama ni adui, Mama Jeki angemjulia. Hizi "ndiyo" za mdomoni ndizo zilizomchosha, nami nilimwona akichoka.

Akanunua jeki yake. Kila Jumamosi, siku yake ya mapumziko, alipanda lori pamoja na dereva na utingo, jeki ikiwa ndani ya mkoba wa sokoni katikati ya miguu yake, akaenda kuwageuzia wateja magurudumu huko huko shambani. Jina lake lilianzia hapo. Utingo anasema wateja walikuwa wanamshangilia yeye kabla ya trekta. Ofisi iliposikia, ilimpiga picha ameshika spana, ikaiweka kwenye kipeperushi cha biashara chini ya maneno yanayosema kwamba tunamhudumia mteja mpaka mlangoni kwake. Lori linatoka siku sita kwa wiki. Yeye alikuwa na Jumamosi tu.

Mdogo wake wa mwisho, ambaye yeye ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, ni mkulima wa viazi juu milimani. Mama Jeki ndiye aliyemshawishi anunue trekta letu. Lilipangiwa kupelekwa siku ya Ijumaa, naye akaomba ruhusa ya kuandamana nalo. Ofisi ilisikitika sana. Ijumaa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa siku ya kumpa ngao ya Mfanyakazi Bora, kwa mchango wake wa kuyafanya matrekta yasimame imara mlimani, na waandishi wa habari walikuwa wameshaalikwa. Akaambiwa kwamba magurudumu yanaweza kusubiri mpaka Jumamosi, ngao haiwezi. Akampigia mdogo wake simu, akamwambia asiliguse mpaka afike.

Picha ya siku ile bado imetundikwa mapokezi. Ukipita, mtazame vizuri. Mkono mmoja umeshika ngao, na begani ana mkoba wa sokoni.

Mdogo mtu alisubiri. Jumamosi asubuhi wingu lilikuwa limeinama, mbegu ziko ukingoni mwa shamba, vibarua wamesimama na majembe wanamtazama. Akaona atapita kwenye ukingo tu, pale panapokaribia kuwa tambarare, dada akifika akute kazi imeanza. Gurudumu la juu likapanda tuta. Mama Jeki aliposhuka kwenye basi na kupandisha njia ya shamba, alikuta watu wanapiga kelele wamelizunguka trekta hawajui walishike wapi. Jeki aliyokuwa ameibeba ili ageuze magurudumu ndiyo aliyolinyanyulia trekta lililomlalia mdogo wake.

Hakufa. Miguu yake ndiyo haijafanya kazi tangu siku hiyo.

Kamati iliundwa, ikaandika kwamba mteja hakufuata maelekezo yaliyo chini ya kiti. Mjumbe mmoja alisema sikio la kufa halisikii dawa, akasahau kwamba dada wa sikio lenyewe alikuwa amekaa kiti cha pili kutoka kwake. Ofisi ilituma wajumbe hospitali na kapu la matunda. Mkurugenzi alisema kwa uchungu, na ninaamini uchungu ulikuwa wa kweli, kwamba Mama Jeki alikuwa na hoja tangu mwanzo.

Tulidhani hatarudi. Alirudi, akavaa bwelasuti yake, akaanza kufunga magurudumu yaliyobana kama kawaida. Siku hiyo nilimkasirikia, nikaacha rangi ikauka kwenye brashi, nikaenda kumwuliza anawezaje. Alinijibu bila kuinua kichwa.

"Wa kuyabana atapatikana hata leo mchana. Wa kwenda kuyatanua ni nani?"

Nikarudi kuloweka brashi yangu. Jumamosi alipanda lori. Akalipanda Jumamosi nyingine zote mpaka mwezi uliopita, na mdogo wake, aliyekuwa amehamia kwake mjini, ndiye aliyekuwa anamfungia mkoba.

Sasa nije kwenye sherehe. Hotuba zilikuwa nzuri. Zawadi ilikuwa nzuri pia, sina kinyongo nayo: trekta jipya, lenye utepe mwekundu, nililolipaka rangi mimi mwenyewe, ili dada na mdogo wake warudi nalo mlimani kulilima shamba lile lile. Yeye ndiye atakayeliendesha. Likatolewa stoo kwa mbwembwe, likasimamishwa mbele ya hema, na mkurugenzi akamwomba apande kitini wapigwe picha. Lilikuwa limebana. Hakuna aliyekusudia. Mfungaji mpya alifunga kama yanavyofungwa yote.

Mdogo wake alikuwa mstari wa mbele, kwenye kiti chake cha magurudumu. Alilitazama trekta, akatazama chini pande zake mbili.

"Dada, hata hiki kiti changu kimeachanisha miguu kuliko hilo."

Wachache walicheka kabla hawajaelewa. Mama Jeki alisimama. Mkurugenzi, kwa upole, akamwambia asijali, apige picha tu, vijana watayageuza Jumatatu.

"Jumatatu mimi sipo," alisema.

Akavua viatu vya visigino, akavipanga chini ya kiti, akaufungua mkoba wake wa sokoni. Alikuwa ameibeba jeki kwenye sherehe yake mwenyewe ya kuagwa. Mhandisi aliinuka, nami nikainuka, na mkuu wa usafirishaji akavua koti akapiga magoti, akawa anazishika nati kwenye kiganja. Chakula kilipoa. Tulilinyanyua, tukayageuza, la kushoto kulia, la kulia kushoto, naye akazikaza nati mwenyewe, akazigonga moja moja kwa spana akisikiliza mlio, kama alivyofanya miaka yote. Kisha akapanda kitini peku, utepe ukiwa umechafuka grisi, na picha ikapigwa. Hema zima lilisimama kupiga makofi. Baadhi yetu tulilia, na mimi nilikuwemo.

Makofi yakiendelea, lori la mchana lilipita nyuma ya hema. Mlinzi akafungua geti. Mkuu wa usafirishaji, mikono ikiwa na grisi bado, akampungia dereva apite. Ndani yalikuwa matatu, ubavu kwa ubavu. Mama Jeki aliliona kutoka juu ya kiti chake kipya, akaliangalia mpaka likakata kona.

Kabla hajaondoka aliingia karakana akaitundika jeki yake kwenye msumari ulio juu ya meza yake ya kazi. Jumamosi ya kwanza lori liliondoka na dereva na utingo peke yao, na ya pili vivyo hivyo. Tumelizungumza suala hilo kwenye kikao cha karakana. Mhandisi alisema inafaa mtu aichukue ile jeki. Mkurugenzi alituma ujumbe kwamba analiunga mkono wazo hilo. Tulipiga kura ya kunyoosha mikono na hakuna aliyepinga.

Mama Jeki, kiwanda kinakushukuru kwa miaka yako yote. Tunakuombea uzee mtulivu wewe na mdogo wako, viazi vizae, na Jumamosi ulale mpaka jua lipande. Jeki yako ipo pale pale ulipoitundika.