Kata ya Tembo Aliyopewa Tsuma

Wasikilizaji wapendwa, leo ninamkumbuka Tsuma, fundi wa kuezeka makuti, wa vilimani kule juu ya Msambweni. Amefariki masika haya. Sitampamba kwa sifa za matanga, maana waliomsifu sana kaburini nina neno nao.

Tsuma alikuwa mlevi. Simsengenyi, mwenyewe alikuwa akisema hivyo. Mkewe alipofariki, aliuza mbuzi aliowaacha marehemu, akawanywa wote. Alikuwa akilala popote: zizini, njiani, hata juu ya paa la watu alilokuwa akiliezeka. Mwero, kaka yake mkubwa, alikuwa na neno moja tu juu yake: "La kuvunda halina ubani."

Binti yake, Mbeyu, hakukubali. Mbeyu alikuwa akiuza kuku Msambweni. Siku moja akamwona Mbwana, mwoka mikate, ambaye zamani alikuwa akitambaa barabarani kwa ulevi. Sasa yuko safi, kanzu imepigwa pasi. Akamwendea.

"Shikamoo, baba. Dawa uliipata wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Dawa hakuna. Kila Alhamisi baada ya alasiri tunakaa nyuma ya tanuri langu, sisi tuliokuwa walevi. Tunaambiana kweli. Mlete mzee wako."

"Sisi si Waislamu, baba."

"Hapa hatuulizani dini. Tunaulizana jana umelala wapi."

Alhamisi ya kwanza Tsuma alikwenda peke yake. Akapita mlangoni, akarudi, akapita tena, kisha akarejea nyumbani na kumwambia bintiye, "Sikupaona." Uwongo mtupu, maana harufu ya mikate peke yake ingemfikisha. Alhamisi ya pili Mbeyu akamshika mkono, kama mtu anayempeleka mtoto chuoni, mpaka ndani.

Na Tsuma akaacha. Nasema tena, wasikilizaji wapendwa: Tsuma aliacha tembo. Mwaka ukapita na zaidi. Kila Alhamisi alishuka kwa miguu hadi Msambweni na kupanda tena. Kijijini walimcheka, wakamwita shehe asiye na msikiti. Yeye akaezeka nyumba yake mwenyewe, iliyokuwa ikivuja tangu msiba wa mkewe.

Ndipo Mbeyu akaposwa. Kwao, bibi harusi hupewa kata ya kifuu yenye tembo la mnazi lililoletwa na wakwe. Yeye humpa baba yake. Baba akinywa, ndoa imekubaliwa. Baba asipoweza, hunywa ndugu yake wa kiume, na hakuna mwenye kulaumu. Basi Tsuma akamwendea Mwero mapema. "Kaka, nawe ni baba yake. Utaninywea." Mwero akasema, "Vyema."

Siku ikafika. Wageni wamejaa, wakwe wamekaa mkekani, Mbeyu amepiga magoti na kata mkononi. Mwero akakunja mikono.

"Mimi si baba yake," akasema. "Baba yake huyu hapa, mzima wa afya. Au tembo la wakwe linamtia kinyaa?"

Watu wakacheka. Mjomba wa bwana harusi akaanza kutafuta viatu vyake. Tsuma akaipokea kata, akanywa.

Hakuacha tena. Mbwana alipanda mara kadhaa kumfuata. Mara ya mwisho Tsuma alijificha nyuma ya nyumba, akaagiza aambiwe amesafiri.

Alhamisi moja ya mvua alikutwa njiani, amelala kifudifudi katika dimbwi. Dimbwi lenyewe halifiki magotini. Mbwana aliniambia, "Alikuwa akishuka. Alikuwa anakuja kwetu." Na Mwero aliniambia, wala hakuinamisha macho, "Nilimpita pale. Nilidhani amelala, kama kawaida yake." Alikuwa hai au la, Mwero hajui. Hakuinama kutazama.

Husemwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi nasema yule alilika, na waliomla walimjua tangu utoto.

Nilimkuta Mbeyu matangani. Nje watu walikuwa wakipitishiana kata. Nilimwambia kwamba baba yake mkubwa ndiye mwenye lawama. Akatikisa kichwa.

"Baba mkubwa alikataa, ni kweli," akasema. "Lakini wazee waliniuliza mimi. Wakasema, 'Mbeyu, kata iko mkononi mwako. Anywe nani?' Desturi inanipa neno hilo. Ningesema baba mkubwa, angekunywa, apende asipende. Baba alikuwa ananitazama. Nikaona wakwe wanacheka, nikaona mjomba wa mume wangu anavaa viatu. Nikaogopa nitaachwa pale na kata yangu."

Nikamwuliza, ukasemaje?

"Nikasema, 'Baba.'"

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kituo chetu tunawapa pole jamaa wa marehemu Tsuma. Pole, Mbwana, na wenzako wa nyuma ya tanuri. Pole, Mwero, ikiwa imekugusa. Nanyi mnaonisikiliza, mwenye ndugu aliyeacha ulevi na ajiulize leo: siku watu watakapomcheka, utasimama wapi?

Mbeyu aliniomba niyaseme haya hewani, na jina lake nilitaje. Nilimwuliza sababu. Alisema mumewe amekuwa akirudi amelewa, na amemkataza kushuka Msambweni kwa Mbwana.